Tanuru na Kiwanda: Jembe la Ufipa katika Miaka ya Ujamaa

Katika Kitabu cha Kwanza cha Samweli, sura ya 13, iko habari ambayo wahubiri wetu huipita upesi ili wafike kwenye ushujaa wa Yonathani. Mwandishi wa kitabu anaeleza kwamba siku zile hapakuwa na mhunzi katika nchi yote ya Israeli. Wafilisti walikuwa wamehakikisha hivyo. Mwisraeli aliyetaka kunoa jembe lake, au shoka lake, au mundu wake, alilazimika kuteremka kwa Wafilisti na kulipa. Wafafanuzi hutilia mkazo upande wa vita, yaani kwamba watu wasio na wahunzi hawana mikuki. Lakini mwandishi hakuishia kwenye mapanga na mikuki; anataja zana za shamba moja moja, na hata bei ya kuzinoa hakuiacha.

Hatuileti habari hii hapa kwa ajili ya mahubiri. Tunaileta kwa sababu inatupa swali la kuuliza juu ya historia ya nchi yetu wenyewe. Katika miaka ambayo Serikali ya Tanzania ilijenga viwanda kwa jina la ujamaa na kujitegemea, mkulima wa Ufipa aliteremka kwa nani kupata jembe? Na je, ni kweli kwamba nyumbani kwake hapakuwa na mhunzi?

Nchi ya jembe

Uwanda wa juu wa Ufipa umekaa kati ya maziwa mawili, Tanganyika upande wa magharibi na Rukwa upande wa mashariki. Mji wa Sumbawanga uko kwenye kimo cha karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na milima ya Mbizi iliyo nyuma yake ni mirefu zaidi. Mgeni atokaye Mbeya hushangazwa na uchache wa miti. Ni nchi ya majani, ya upepo na ya baridi, na udongo wake mahali pengi ni hafifu. Kwa sababu hiyo Wafipa walikuwa na kilimo chao, kilimo cha vichuguu vya udongo viitwavyo ntumba. Mvua zikikaribia kwisha, majani hukatuliwa pamoja na udongo wake, yakafunikwa humo ndani yaoze. Msimu ufuatao kichuguu hutawanywa na ulezi ukapandwa juu ya mboji hiyo. Kazi ya namna hii haifanyiki kwa kijiti wala kwa jembe jepesi. Inataka bapa pana na zito, lenye chuma kisichopinda linapokutana na mizizi ya majani.

Kwa hiyo haishangazi kwamba Wafipa, katika falme zao mbili za Nkansi na Lyangalile, walikuwa mabingwa wa chuma. David Livingstone alipita pembezoni mwa nchi yao mwaka 1872, katika safari yake ya mwisho, na Joseph Thomson aliivuka mwaka 1880 akawasifu wenyeji kuwa watu wa amani na wa kilimo. Bondeni, upande wa Ziwa Rukwa, watu walifuma nguo za pamba. Uwandani walifua majembe.

Tanuru la Kifipa liliitwa ilungu, kwa wingi malungu. Lilijengwa kwa udongo, mara nyingi karibu na kichuguu cha mchwa, likasimama kwa kimo cha mita 3 au zaidi. Chini lilizungukwa na matundu, na katika matundu hayo ilitiwa mirija ya udongo ya kupitisha hewa. Hapa ndipo penye ufundi wenyewe, na yafaa msomaji asimame kidogo. Katika nchi nyingi za Afrika tanuru la kuyeyushia chuma lilipulizwa kwa mivukuto, na watu walipokezana usiku na mchana mpaka mikono ikafa ganzi. Ilungu halikuhitaji mivukuto. Urefu wake ulifanya kazi ya dohani: hewa ya moto ilipanda yenyewe, na hewa mpya ikavutwa kwa kupitia mirija ya chini. Tanuru lilijazwa mkaa na mawe yenye chuma kwa zamu, likaachwa liwake kwa siku kadhaa. Bonge lililotoka lilikuwa bado na uchafu mwingi, kwa hiyo lilipelekwa kwenye tanuru dogo liitwalo kintengwe, ambalo ndilo lililopulizwa kwa mivukuto, na hapo likasafishwa. Baadaye ndipo mhunzi alipolichukua juu ya fuawe na kulifanya jembe.

Kazi hii ilikuwa na miiko. Tanuru jipya lilitendewa kama bibi arusi, na wafanyakazi walijitenga na wake zao muda wote wa kuyeyusha. Bwana wa tanuru alikuwa na kikapu chake cha dawa. Wengi wetu tuliosomea vyuo vya kanisa tulifundishwa kuyaweka mambo haya yote katika fungu moja, ushirikina, na kuyapita. Mwanahistoria hana ruhusa ya kuyapita. Ndani ya miiko hiyo yalihifadhiwa maarifa ya kuchagua mti wa mkaa, udongo wa mirija na jiwe la kufaa, na bwana wa tanuru aliyekufa bila mrithi alikwenda nayo.

Ufundi wenyewe haukukaa mahali pamoja. Mwanaakiolojia Bertram Mapunda, aliyechimba katika wilaya ya Nkansi na kuchapa kitabu kizima juu ya chuma cha Wafipa mwaka 2010, ameonyesha kwamba palikuwa na namna tatu za kuyeyusha zilizofuatana na kukutana: matanuru madogo ya kale yaitwayo katukutu, malungu yenyewe, na matanuru mafupi ya wageni waitwao Barongo. Yaani watu wa hapo walikuwa wakibadili, wakijaribu na kupokea. Tunalitaja hili kwa kuwa neno "jadi", ambalo maofisa wa maendeleo walilipenda sana, humfanya msikilizaji adhani kitu kisichopata kubadilika tangu Adamu.

Jinsi moto ulivyozimika

Moto wa malungu haukuzimwa na Serikali ya ujamaa. Haki inatudai tuliseme hili mapema. Ulizimika wakati wa ukoloni. Wajerumani waliweka boma lao Bismarckburg, ambayo leo ni Kasanga, kando ya Ziwa Tanganyika. Kodi ya nyumba iliyoanza mwaka 1898 iliwataka vijana watafute fedha, na Wafipa wengi wakaenda mbali kuzitafuta, hata kwenye mashamba ya mkonge. Kazi ya ilungu ilihitaji mikono mingi wakati wa kiangazi, na mikono hiyo sasa ilikuwa Tanga. Papo hapo majembe ya kiwandani kutoka Ulaya yalifika madukani kwa bei ambayo mhunzi hakuweza kushindana nayo. Mwaka 1937 ofisa mmoja Mwingereza, Greig, aliandika habari za kuyeyusha chuma Ufipa katika jarida la Tanganyika Notes and Records, na mwaka 1958 Wise akaandika tena katika jarida hilo hilo. Ukiyasoma maandishi yao unaona kwamba tayari yalihusu kitu cha wazee.

Lakini kuyeyusha na kufua ni mambo mawili. Malungu yalipozimika, fuawe na nyundo hazikunyamaza. Mhunzi wa kijijini aliacha kutafuta mawe akaanza kutafuta vyuma chakavu, hasa spring za magari yaliyoharibika, akaendelea kutengeneza shoka, visu, mikuki, na kunyoosha majembe yaliyochakaa. Mtu huyu ndiye aliyekuwapo Ufipa siku Tanzania ilipotangaza siasa yake ya ujamaa. Hakuwa masalia ya makumbusho. Alikuwa na wateja.

Ahadi ya viwanda

Azimio la Arusha lilitangazwa Februari 5, 1967, na katika siku zilizofuata mabenki, vinu vikubwa vya unga na makampuni kadhaa yakawekwa mikononi mwa umma. Watu husahau kwamba Azimio lenyewe lilitahadharisha juu ya viwanda. Lilisema taifa lilikuwa limeweka matumaini mengi mno katika fedha na viwanda, na kwamba msingi wa maendeleo ni kilimo, ardhi na watu. Hata hivyo njia za kuendesha uchumi zilizokabidhiwa umma zilikuwa za mashirika makubwa, na shirika kubwa hufikiri kwa kipimo chake. Shirika la Maendeleo la Taifa, NDC, lilizaa makampuni mwaka hata mwaka. Kiwanda cha nguo cha Urafiki kilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968 kwa msaada wa China. Mwaka 1970, kwa msaada wa China pia, kikaanza Kiwanda cha Zana za Kilimo cha Ubungo, UFI, kazi yake kubwa ikiwa ni majembe ya mkono na majembe ya kukokotwa na ng'ombe.

Katikati ya matukio hayo mawili, mwaka 1969, Mtanzania mmoja aitwaye J. A. R. Wembah-Rashid, aliyefanya kazi katika Makumbusho ya Taifa, alichapa makala ya kitaalamu juu ya wafua chuma wa Ufipa. Makala hayo yalitoka katika jarida la wanaanthropolojia lililojishughulisha na mambo yanayokaribia kutoweka. Ni vema mwaka huo ukumbukwe pamoja na ule wa Ubungo. Ndani ya nchi moja na katika miezi ile ile, maarifa ya jembe la Ufipa yalipelekwa makumbusho, na jembe la taifa likapewa kiwanda umbali wa zaidi ya kilomita 1,100 kutoka Sumbawanga. Hatusemi mtu alikusudia hivyo. Tatizo hasa ni kwamba hapakuwa na ofisi hata moja ambayo kazi yake ilikuwa kuyaona mambo haya mawili kwa pamoja.

Fikra za miaka ya 1970 zilikuwa na nguvu, na si haki kuzicheka. Justinian Rweyemamu, mchumi Mtanzania, alichapa mwaka 1973 kitabu chake juu ya unyonge wa uchumi wa Tanzania na ujenzi wa viwanda. Clive Thomas, Mguyana aliyefundisha Dar es Salaam, alieleza mwaka 1974 kwamba nchi ndogo ya kijamaa yapaswa kuunganisha vitu viwili vilivyotenganishwa na ukoloni: inachokizalisha na inachokitumia. Itengeneze vitu vya msingi vinavyohitajiwa na watu wake, kwa malighafi zake yenyewe. Fikra hizo ndizo zilizoandaa njia ya Mkakati wa Viwanda vya Msingi, uliopangwa uchukue miaka 20, kutoka 1975 hadi 1995, na chuma kilikuwa moyo wa mkakati huo. Liganga, katika wilaya ya Ludewa, kulijulikana kuwa na mawe ya chuma kwa wingi, na Mchuchuma jirani yake kulikuwa na makaa ya mawe. Hata Ufipa kwenyewe makaa ya Namwele, karibu na Sumbawanga, yamo katika orodha za wataalamu wa madini.

Kwa kipimo cha fikra hizo, hakuna bidhaa iliyostahili kuliko jembe. Kila kaya ililihitaji na kila wilaya ilikuwa na soko lake. Sasa tazama lilivyotengenezwa. Liganga haikuchimbwa. Kiwanda cha Ubungo kilitegemea chuma kilichoagizwa kutoka nje kwa fedha za kigeni, sawasawa na kiwanda cha chuma cha Tanga kilichotengeneza nondo. Fedha za kigeni zilipokwisha, kazi ilipungua. Na zilikwisha. Bei ya mafuta ilipanda mwaka 1973 na tena mwaka 1979, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vikala kilichobaki. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 viwanda vingi vya Tanzania vilifanya kazi chini ya theluthi moja ya uwezo wake. Kiwanda cha viatu cha Morogoro, kilichojengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia ili kitengeneze jozi milioni 4 kwa mwaka, hakikupata kufikia hata asilimia 5 ya uwezo huo. Hicho ndicho mifano ya vitabuni hupenda kukitaja. Sisi tunaona habari ya jembe ni nzito zaidi, maana mtu aweza kwenda shambani pasipo viatu, kama wazazi wetu walivyofanya, lakini hawezi kwenda pasipo jembe.

Mahindi na bei moja

Mkoa wa Rukwa ulianzishwa mwaka 1974, kwa kuunganisha Sumbawanga iliyotoka Mkoa wa Mbeya na Mpanda iliyotoka Tabora. Miaka hiyo ndiyo ya Operesheni Vijiji. Ufipa ilikuwa na jambo lake la pekee hapa, kwa kuwa Wafipa tangu zamani waliishi katika vijiji vya nyumba zilizosongamana, tofauti na makabila mengi ambayo kila mtu alikaa katikati ya shamba lake. Waliambiwa wajikusanye watu ambao tayari walikuwa wamejikusanya.

Yaliyobadilika zaidi yalikuwa shambani. Katikati ya miaka ya 1970 Serikali iliweka bei moja ya mahindi kwa nchi nzima. Mkulima wa Sumbawanga alilipwa na Shirika la Usagishaji la Taifa, NMC, sawa na mkulima wa Morogoro, ingawa gunia lake lilisafiri siku nyingi kufika Dar es Salaam. Mbolea nayo ilitolewa kwa bei iliyopunguzwa. Rukwa ikaungana na Iringa, Mbeya na Ruvuma katika kundi la mikoa minne iliyotegemewa kulisha miji. Ulezi ulirudi nyuma, mahindi yakatawala. Kwa mara ya kwanza mkulima wa Ufipa alipata fedha nyumbani kwake bila kwenda Tanga kukata mkonge.

Yatupasa kulipima jambo hili kwa uadilifu, kwa sababu wakosoaji wa ujamaa hulisahau. Bei moja ilikuwa zawadi ya kweli kwa watu wa mbali. Mchumi wa soko huria atasema ilikuwa hasara, kwamba ni upumbavu kusomba mahindi kutoka kona ya nchi kwa malori yanayotumia mafuta ya kuagizwa. Huenda ana haki katika hesabu zake. Lakini mkulima wa Ufipa hakuchagua kuzaliwa mbali na reli; TAZARA yenyewe, iliyokamilika katikati ya miaka hiyo, ilipita Mbeya na Tunduma ikaingia Zambia, ikiacha zaidi ya kilomita 200 za vumbi na tope hadi Sumbawanga.

Hata hivyo zawadi ile ilikuwa na umbo lake. Ufipa ilikaribishwa katika taifa la viwanda kama ghala. Mahindi yalishuka kwenda kuwalisha wafanyakazi wa viwandani. Mbolea, nguo, sabuni na majembe yakapanda kutoka huko. Mapatano hayo yalisimama maadamu malori yalitembea pande zote mbili. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 malori yalipungua, na yaliyofika yalikuwa na nafasi ya mahindi kuliko yalivyokuwa na bidhaa. Jembe la mkono likawa moja ya vitu adimu nchini. Liligawiwa kwa vibali na kuuzwa kwa magendo. Mwandishi wa makala haya amewahi kusikia wazee wa Ufipa wakisimulia jinsi jembe lililochakaa lilivyopelekwa kwa mhunzi lirefushwe kwa kipande cha spring, na jinsi mhunzi mwenyewe alivyotafuta spring kwa shida, maana hata magari mabovu yalikuwa machache.

Hapo ndipo swali la Samweli linaporudi. Mhunzi alikuwapo. Hakuwa katika mpango.

Mhunzi asiyepangiwa

Yawezekana msomaji atasema tunasahau SIDO. Hatulisahau. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo liliundwa kwa sheria ya mwaka 1973, na katika taasisi zote za wakati ule ndilo lililokaribia zaidi mlango wa mhunzi. Lilijenga mitaa ya viwanda katika miji ya mikoa, likatoa mikopo na mafunzo, na wahunzi walikuwa miongoni mwa waliofundishwa. Lakini moyo wa SIDO ulikuwa kwenye kiwanda kidogo chenye mashine, mara nyingi mashine iliyotoka Sweden au India, pamoja na kijana aliyesoma. Mhunzi mzee wa kijijini aliyefanya kazi chini ya mti, asiyejua kujaza fomu ya mkopo, hakufanana na picha hiyo.

Mtafiti Mdenmark, Jens Müller, alilifuatilia jambo hili katika sehemu kadhaa za Tanzania, na kitabu chake cha mwaka 1980 kinauliza tangu jalada lake kama ufundi wa wahunzi wa vijijini utafutwa au utaimarishwa. Anatuonyesha kwamba chaguo lilikuwapo. Kiwanda kikubwa chaweza kumwondoa mhunzi sokoni. Chaweza pia kumletea bapa la chuma lililo tayari, yeye akalimalizia kwa umbo linalofaa udongo wa kwao. Jembe la ntumba si jembe la mpunga wa Usangu. Kiwanda cha Ubungo kilitengeneza kwa ajili ya nchi nzima. Hakikuweza kujua habari za ntumba, wala hapakuwa na njia ya kuambiwa. Baadaye kikajengwa cha Mbeya, Zana za Kilimo Mbeya, kilichojulikana kama ZZK, na safari ya jembe kuja Sumbawanga ikapungua. Aliyeamua umbo lake bado alikuwa mtu wa ofisini.

Ni vizuri hapa kutazama China, kwa kuwa viongozi wetu waliipenda na kuitembelea, na mafundi wake ndio waliojenga Ubungo. Mwaka 1958, katika lile lililoitwa Ruko Kuu Mbele, Serikali ya China iliazimu kuongeza chuma mara dufu kwa mwaka mmoja, kutoka tani zaidi ya milioni 5 hadi tani milioni 10.7, na ikawaamuru wakulima wajenge matanuru nyuma ya nyumba zao. Watu walikata misitu, wakayeyusha hata masufuria, na chuma kingi kilichotoka hakikufaa kwa lolote. Mavuno yakaachwa shambani, na njaa iliyofuata kati ya 1959 na 1961 iliua mamilioni. Tanzania haikufanya wazimu huo, na tumshukuru Mungu kwa hilo. Lakini tofauti hii inafundisha kitu. China iliwalazimisha watu wasiojua kuyeyusha chuma wakiyeyushe. Sisi tulikuwa na watu ambao baba zao walijua, na hatukuwauliza neno.

Kuuliza si sawa na kurudisha malungu. Yeyote anayependekeza kwamba Ufipa ingeliilisha nchi kwa majembe ya malungu hajahesabu mkaa. Kila tanuru lilikula miti, na wako watafiti wanaohusisha upara wa uwanda ule, kwa sehemu, na moto wa wahenga. Chuma cha spring kilikuwa rahisi kuliko chuma cha jiwe, na wahunzi wenyewe walilijua hilo mapema kuliko wasomi. Kilichopotea ni kitu kingine. Ilungu lilikuwa ushahidi kwamba watu wa mahali hapa waliwahi kutatua kwa akili zao tatizo gumu la ufundi, tena kwa njia ambayo majirani wengi hawakuifikia. Serikali iliyohubiri kujitegemea haikupata mfano bora wa kujitegemea kuliko huo, nao ulikuwa umesimama wazi katika mashamba ya Nkansi.

Je, Kanisa liliona? Wamisionari wa Afrika waliingia Karema mwaka 1885 na kupanda uwandani baadaye, na Ufipa ikawa nchi ya Kikatoliki kwa sehemu kubwa. Walutheri walikuja nyuma sana na kwa uchache. Hatuna basi haki ya kuwahukumu wengine. Lakini sisi tunaomfuata Luther tunafundisha juu ya wito. Katika waraka wake wa 1520 kwa wakuu wa taifa la Wajerumani, aliwataja fundi viatu, mhunzi na mkulima pamoja, kila mmoja na kazi yake na wote wakiwa makuhani mbele za Mungu. Tumelifundisha fundisho hili darasani miaka mingi tukimfikiria mwalimu, muuguzi na ofisa. Mhunzi, aliyetajwa kwa jina la kazi yake, tulimwacha kwenye somo la dini za jadi.

Baada ya 1986

Mwaka 1986 Serikali ilikubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa, na mlango ukafunguliwa. Bidhaa zilirudi madukani, majembe yakiwamo. Kwa upande wa pili, bei moja ya mahindi iliondolewa, na ruzuku ya mbolea ikapunguzwa hatua kwa hatua mpaka ikaisha katikati ya miaka ya 1990. Mkulima wa Ufipa aliliona hili kwa uchungu. Mwaka ambao bidhaa zilipatikana ndio uliokuja na habari kwamba gunia lake, kwa kuwa liko mbali, ni la bei ya chini. Wafanyabiashara walinunua kando ya barabara na kuacha vijiji vya ndani. Kiwanda cha Mbeya kilibinafsishwa, na mashirika mengi ya umma yakaenda njia hiyo hiyo. Barabara ya lami kutoka Tunduma hadi Sumbawanga, ambayo kizazi kizima kiliisubiri, ilijengwa katika miaka ya 2010 kwa fedha za Marekani. Lami ile huleta majembe kutoka China.

Kuhusu Liganga, mipango iliandikwa na kuandikwa upya, na mwaka 2011 NDC ilitia saini mkataba na kampuni ya China, Sichuan Hongda. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2020 hapakuwa na tanuru lililowashwa. Wilaya ile ya Ludewa ni nchi ya Wapangwa, ambao nao waliyeyusha chuma zamani, na mtafiti Randi Barndon wa Chuo Kikuu cha Bergen aliwalinganisha na Wafipa katika kitabu cha mwaka 2004. Baadhi ya wazee waliozungumza naye walikuwa bado wanakumbuka namna ya kulipanga tanuru. Huko Nkansi malungu mengine yangali yamesimama katika mashamba ya mahindi, mengine yamebomolewa na mvua hadi kiunoni, na mkulima anapolima karibu nayo jembe lake hugonga mavi ya chuma, akayaokota na kuyatupa ukingoni mwa shamba.